Mtamba wa Kuwashia Taa

Gari la matangazo linapopita, wako watu wanaoziba masikio na wako wanaosogea karibu wasije wakapitwa na jambo. Nikolaus wa Morotonga hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Yeye alisikiliza akiwa ameelekeza macho kwenye mifuko ya wasikilizaji wengine.

Asubuhi hiyo alikuwa stendi ya Tarime akiuza dawa ya kunguni. Ilikuwa dawa yenye povu jingi na harufu ya ndimu, na haikuwahi kulalamikiwa na kunguni yeyote. Gari likapita taratibu, vipaza sauti viwili juu ya paa.

"Ndugu wananchi wa kando ya barabara kuu! Ili kupunguza matumizi ya umeme, taa za barabarani zitapunguzwa mwanga katika saa ambazo magari ni machache. Wataalamu watapita kukagua nguzo moja moja, ili usalama wa barabara usipungue. Wapeni ushirikiano!"

Wauza nyanya wakaguna. Dereva mmoja wa bodaboda akaapa kwamba sasa atagonga fisi na fisi atamdai fidia. Nikolaus hakuguna wala hakuapa. Katika tangazo lote yeye aliokota maneno matatu tu: wataalamu, watapita, ushirikiano. Akafunga begi la dawa, akawaachia kunguni wa Tarime amani yao.

Tusimhukumu mapema. Kijana huyu alikuwa na shida ya heshima kabisa: alikuwa anataka kuoa. Kule Natta alikuwapo Agustina, fundi cherehani, msichana wa kucheka kwa sauti, naye alimpenda Nikolaus ingawa hakuwa na sababu ya kutosha. Kikwazo kilikuwa baba yake, Mzee Revocatus, ambaye msimamo wake ulikuwa mfupi: "Mchumba asiye na ng'ombe ni mgeni. Mgeni hunywa uji, akaaga." Nikolaus alikuwa ameunywa uji huo mpaka akazijua sufuria zote za nyumba ile kwa sura. Na sasa mzee alikuwa ameongeza neno: mavuno yakiisha bila hata mtamba mmoja kufika, atapokea posa ya mwenye duka mmoja wa Mugumu, mtu mnene, mpole, mwenye zizi.

Kazi aliwahi kuwa nayo. Alikuwa mhudumu katika kambi ya watalii, na huko walikuwa wakizima taa ili wageni wazione nyota vizuri. Nikolaus akaanzisha ada ya nyota. Zile zinazong'aa sana aliziwekea bei ya juu kidogo. Meneja alipogundua alimfukuza, lakini hakuweza kumnyang'anya elimu aliyoipata, kwamba binadamu atalipia hata kitu kinachomwagika bure juu ya kichwa chake, mradi anayekiuza amevaa sare.

Kwa hiyo alianza na sare. Sokoni alinunua kizibao cha rifleksa na kofia ngumu ya njano. Kifaa alikuwa nacho tayari: kile kipimajoto cha mfano wa bastola, ambacho enzi za korona watu walielekezewa kwenye paji la uso kila mlangoni. Kilikuwa bado kinalia "pii" na kuonyesha namba nyekundu. Mhandisi akakamilika. Vyuo huchukua miaka kwa kazi hiyohiyo.

Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye senta ya Njia Panda ya Genkuru, pale ambapo barabara ya kijijini inaachana na barabara kuu. Upande wa kushoto ilikuwepo nyumba ya wageni iitwayo Paradiso, mali ya Athanas, mtu mwenye magodoro mengi na usingizi mchache. Upande wa kulia ilikuwepo bucha na banda la nyama choma la Mama Bhoke, mjane ambaye moshi wake ulisimamisha malori kuliko trafiki. Katikati yao vilikuwa vistari vyeupe vya kivuko cha watembea kwa miguu, na kila upande nguzo moja ya taa.

Nikolaus alisimama chini ya nguzo ya Athanas, akailenga kwa kipimajoto. Pii! Akatikisa kichwa kwa huzuni. Pii! Akatikisa tena. Athanas akatoka mbio, ndala moja mguuni.

"Mura, unapiga nguzo yangu risasi?"

Huku kwetu kijana wa kiume huitwa mura, awe mtu wa kutegemewa au asiwe.

"Shikamoo mzee. Si risasi. Napima mwanga."

"Marahaba. Mwanga gani? Ni asubuhi, taa imezimwa."

"Hapo ndipo wengi wanapokosea," alisema Nikolaus kwa upole. "Taa ikiwaka inajua inatazamwa, inajiheshimu. Ukitaka kujua tabia yake, ipime ikiwa imelala."

Athanas akatazama namba nyekundu. Nguzo ilikuwa imepigwa na jua tangu kuche. "Arobaini na moja. Ni nyingi?"

"Mzee, hii ni homa. Nguzo hii inakula umeme kama bwana harusi. Na agizo ni kupunguza. Kati ya hii na ile ya ng'ambo, moja lazima ilale."

"Ilale ipi?"

"Ndiyo nimekuja kuamua."

Athanas alitazama ng'ambo. Madereva wawili walikuwa wakisubiri mbavu kwa Mama Bhoke, wakicheka. Kwake hakuwa amecheka mtu tangu juzi. Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Na ikilala ile?"

"Ile iko kwenye kivuko, mzee. Kuna akina mama wa sokoni, kuna wanafunzi wanaovuka alfajiri. Ni suala la usalama."

"Si wana macho?"

"Wanayo."

"Macho hayatumii umeme."

"Kweli, mzee. Tena ni uokoaji mkubwa," alisema Nikolaus, naye akajifanya ameguswa na hoja. "Lakini kumshawishi mkubwa wangu kutahitaji ushirikiano."

Hivyo ndivyo sera ya nishati ilivyorekebishwa na watu wawili na ndala moja. Athanas aliingia ndani, akatoka na bahasha iliyoshiba, na Nikolaus akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kambini. Kisha akavuka barabara akamfanyie Mama Bhoke vilevile.

Mama Bhoke alikuwa ameinamia kigogo cha kukatia nyama, shoka mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuona. Umeielekezea nguzo kitu, Athanas akaingia ndani, akatoka anatabasamu. Athanas hatabasamu bure. Umemwambia nini?"

Nikolaus akaeleza: agizo, homa ya nguzo, moja kulala, uamuzi kuwa mikononi mwake. Alieleza vizuri, hata yeye mwenyewe akaanza kuamini. Mama Bhoke alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote.

"Kwenu wapi?"

"Morotonga, mama. Ila shughuli zangu ziko Natta, kwenye kiwanja cha mjomba."

"Natta kuna majani?"

"Majani? Mama, kule majani ndiyo yanayotuchunga sisi."

"Enhe," alisema Mama Bhoke, akalaza shoka. "Mimi fedha sina. Nyama yangu yote inakaa kwenye matumbo ya madereva mpaka mwisho wa mwezi. Lakini njoo nyuma."

Nyuma ya banda alikuwa amefungwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, ngozi inateleza, tumbo limeanza kujaa mimba. Nikolaus alipomwona aliona pia uso wa Mzee Revocatus, na sufuria ya uji ikipinduliwa kwa heshima.

"Huyu anatosha kuwasha taa?" aliuliza mama.

"Anatosha," alijibu Nikolaus, haraka kuliko mhandisi anavyopaswa. "Yaani, kwa vipimo, anatosha."

"Tatizo ni moja. Hela ina bahasha. Ng'ombe utamtia bahasha gani? Ukitoka naye hapa, mgeni peke yako na mtamba wa watu, hata kwenye kona ile hufiki. Yowe likipigwa huku, wanaume hutoka hata bafuni na sabuni masikioni."

Nikolaus hakuwa amelifikiria hilo.

"Basi tutafanya hivi," aliendelea Mama Bhoke. "Tutasema nimekuwekea unitunzie. Desturi unaijua, hata kwenu ipo: mwenye ng'ombe asiye na malisho humpelekea mwenye majani. Mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Tunaita mashahidi, wanasikia, wanakula, wanakwenda. Ukipita naye, nani atakuuliza?"

"Lakini ukweli wenyewe..."

"Ukweli tunaujua mimi na wewe."

Nikolaus alimtazama mama huyu kwa heshima ya kweli, ile ambayo fundi humpa fundi mwenzake. "Mama, wewe umepotea kwenye nyama. Ungekuwa mbali."

"Sipendi safari," alisema Mama Bhoke. "Ila desturi nayo ina gharama zake. Anayepokea ng'ombe ndiye anayechinjia mashahidi mbuzi. Na kinywaji."

"Mbuzi nitampata wapi?"

"Ninao," alisema Mama Bhoke.

Bahasha ya Athanas ikapoteza shibe. Mbuzi alitoka kwa Mama Bhoke, mkaa ukatoka kwa Mama Bhoke, pombe ikatoka kwa wifi yake Mama Bhoke, na viti vikakodiwa kwa Mama Bhoke, ambaye kwa hisani yake hakutoza meza. Nikolaus alilipa akitabasamu. Mvuvi hahesabu chambo, alijiambia, hasa chambo kilichotolewa na mtu mwingine.

Kesho yake mchana mashahidi wakakaa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Mogesi, mwenye sauti kama ya ngoma na mapenzi makubwa kwa supu. Walikuwepo wazee wa rika lake, walikuwepo majirani, alikuwepo Athanas mwenyewe, kwa kuwa hakuna jirani anayesusia mbuzi. Pembeni alikaa dada mmoja wa suruali ya jinzi, Gloria, ambaye Mama Bhoke alimtambulisha kama mgeni wake, naye akala kimya akisikiliza.

Mtamba akaletwa katikati. Mzee Mogesi akamshika sikio, akalikunjua ili watu wote waione alama ya zizi la Mama Bhoke.

"Kijana, simama. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Wa Mama Bhoke."

"Sikusikia. Mbuzi ananipigia kelele tumboni."

"Wa Mama Bhoke!"

"Akizaa?"

"Ndama ni wa Mama Bhoke."

"Akiugua?"

"Nitampigia simu."

"Akifa?"

"Nitaleta ngozi."

"Ukimuuza?"

Nikolaus alisita. "Sitamuuza, mzee."

"Maana ukimuuza hatutakwenda mahakamani, mahakama ina foleni. Tutakuja Natta wenyewe, rika zima, na tutakaa kwako mpaka utuchoke."

Watu wakacheka. Nikolaus naye akacheka, akamkonyeza Mama Bhoke. Mama Bhoke hakumrudishia jicho. Alikuwa akitafuna mfupa kwa makini.

"Huyu mbuzi ni mtamu kwelikweli," alisema Athanas, akilamba vidole. "Sijui amelishwa nini."

"Ushirikiano, mzee," alisema Nikolaus.

Watu walipoanza kuinuka, Mama Bhoke alimwita Nikolaus nyuma ya banda, na Gloria akafuata, mikono bado ina maji. Dada huyo akanyoosha kiganja.

"Kaka mhandisi, naomba nione kifaa chako."

Nikolaus akampa kwa unyenyekevu wa kitaalamu. Gloria akakielekeza kwenye paji lake Nikolaus. Pii!

"Thelathini na saba," alisema. "Bado huna homa. Utaipata sasa hivi. Mimi ndiye mkaguzi wa taa za kipande hiki."

Nikolaus akavua kofia ngumu kwa heshima, akairudisha haraka.

"Juma lililopita nilifanya mkutano hapahapa," aliendelea Gloria. "Nikawaeleza watu. Taa za kivuko na za njia panda hazipunguzwi hata chembe, maana hapo ndipo watu wanapogongwa. Zile za katikati, ambako barabara imenyooka na hakuna anayevuka, ndizo zitafifia magari yakipungua. Kwenye kona tunaweka vioo vya kurudisha mwanga na nguzo fupi za rangi, dereva aione kona kwa taa zake mwenyewe. Taa uliyoiuza hapa haizimwi na mtu. Haikuwa na haja ya ng'ombe."

Nikolaus akamgeukia Mama Bhoke. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikaa mbele. Athanas hakuja, alikuwa akianika magodoro. Wifi yangu aligongwa kwenye kivuko hiki mwaka taa ilipoungua, mguu wake mpaka leo unatabiri mvua. Mkutano wa taa hii siwezi kuukosa hata nikiwa na bucha inayoungua."

"Basi mtamba..."

"Mtamba ni wa nani, Nikolaus?"

"Mama, tulikubaliana, mimi na wewe..."

"Sema kwa sauti. Mzee Mogesi hajafika mbali, bado anatafuta fimbo yake. Mwambie nilikupa ng'ombe wa nini. Mwambie wewe ni mhandisi wa wapi. Athanas naye yupo, atapenda kusikia."

Nikolaus alizunguka ndani ya kichwa chake akitafuta mlango, akakuta kila mlango ameupigilia misumari yeye mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi waliokula mbuzi wake.

"Kwa nini mimi?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya mtu mdogo.

"Nimetafuta mtu wa upande wa Natta tangu masika. Hapa malisho yamekwisha, palipo na nyasi ni kaburini. Watu wazuri wote wana ng'ombe wao wamejaa. Halafu ukaja wewe, una majani, una mdomo, hakuna mlaghai wa njiani atakayekupokonya ng'ombe kwa maneno. Nikasema Mungu ana njia zake."

"Na kama ningekataa?"

"Ungekataa mtamba?" aliuliza Mama Bhoke, na Nikolaus akatazama chini.

"Athanas alikulipa ili ufanye nini hasa?" aliuliza Gloria.

"Taa ya mama izimwe."

Mama Bhoke alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. "Na mbuzi kamla mwenyewe, akasifia! Mwache hivyohivyo. Akija kudai, itabidi aeleze mbele ya watu alikuwa ananunua giza la nani."

Gloria hakuwa mtu wa kuacha jambo liishie kwenye kicheko. Alikichukua kipimajoto akakipeleke zahanati, kikawe na kazi ya maana. Kisha akampiga Nikolaus picha, kofia kichwani, kizibao kifuani. "Hii nakaa nayo. Siku nikisikia mhandisi wa bastola ameonekana popote mkoa huu, polisi wataipata kabla hujapanda gari. Na kabla hujaondoka, nguzo fupi za kona zinasubiri rangi. Kizibao unacho."

Akazipaka, nyeupe na nyekundu, jasho likimtoka. Wapita njia wakampa pole ya kazi. Mwanafunzi mmoja alimwita injinia, na kwa mara ya kwanza maishani jina zuri lilimfanya aone aibu. Kilichobaki kwenye bahasha kililipa nauli ya mtamba juu ya Kanta, lori dogo la mizigo, na nauli ya mtunzaji wake, aliyesafiri nyuma pamoja naye akimshikia kichwa kwenye mashimo.

Njiani, lakini, matumaini ya Nikolaus yalianza kuota upya kama kawaida yake. Natta si Tarime. Mzee Revocatus haijui alama ya zizi la Mama Bhoke. Akishampokea mtamba na Agustina akishatoka nyumbani kwao, mambo mengine yatasemwa baadaye, na baadaye ni mbali.

Aliingia uwanjani kwa Mzee Revocatus akitembea kama gwaride. Agustina akaacha cherehani ikizunguka peke yake.

"Shikamoo baba. Mgeni leo hakuja kunywa uji."

"Marahaba," alisema Mzee Revocatus. Akamzunguka mtamba. Akampapasa tumbo, akamtazama meno, akarudi mbele, akakunjua sikio. "Mzuri. Lakini alama hii si ya kwenu."

"Ni... ni alama mpya, baba. Siku hizi..."

Simu ikalia. Ilikuwa simu ya Nikolaus, ambayo spika yake ya ndani ilikufa, ikabaki ile ya nje, inayotangazia kijiji.

"Nikolaus! Mmefika? Amekunywa maji? Usimpe baridi sana, ana mimba! Na uko kwa nani hapo, nasikia cherehani?"

Mzee Revocatus akanyoosha mkono. Nikolaus angeweza kukimbia, lakini kamba ya mtamba ilikuwa imezungushwa kiganjani. Akatoa simu. Mzee akasogea nayo pembeni, wakaamkiana na Mama Bhoke kwa kirefu, wakaulizana mvua, wakaulizana mahindi, kisha sauti zikapungua. Agustina alimtazama Nikolaus. Nikolaus alizitazama kwato.

Mzee alirudi, akamrudishia simu. Alimkagua kijana yule kama hakuwahi kumwona.

"Watu wa Tarime wamekukabidhi ng'ombe. Wewe."

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya mashahidi."

"Wengi, baba. Walikula mbuzi."

Mzee akalikunjua sikio la mtamba tena. "Mwenye duka wa Mugumu ana ng'ombe. Wenye ng'ombe ni wengi. Lakini sijawahi kusikia mtu akimwachia hata kuku. Haya. Huyu akizaa, na ndama akiacha kunyonya, na wote wawili wakiwa hai, na wote wawili wakiwa bado mali ya yule mama, njoo tuzungumze. Posa ya Mugumu nitaiambia isubiri."

Nikolaus alipiga hesabu ya muda huo kichwani, akairudia kwa vidole. Hakuna hakimu aliyewahi kumtaka awe mwaminifu kwa kipindi kirefu namna hiyo.

Agustina alikuwa anacheka kwa sauti yake ileile, akamwekea ndoo miguuni. "Maji yako kisimani bondeni, mtunzaji."

Nikolaus akafungua mdomo atoe neno zuri la kuokoa heshima. Kabla halijatoka, mtamba aliona majani ng'ambo ya ua, akavuta. Nikolaus, ambaye hakuthubutu tena kuiachia kamba, akaokota ndoo kwa mkono wa pili na kumfuata.